Mfuko wa Fundi na Karatasi Zake

Mazungumzo ya wiki. Maandishi haya yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa yeyote ambaye hakutusikia hewani.

(Muziki wa kufungulia. Ushuke polepole.)

MTANGAZAJI: Wa Nyankanda, wa Bwagiriza, wa Kavumu, wa Kinama, wa Musasa, na ninyi wenzetu wa Musenyi, karibuni. Na wewe ambaye mawe ya redio yameisha, unasoma karatasi hii kwenye ubao, karibu pia.

Leo tunazungumza kuhusu fundi wa kila kitu. Namaanisha yule anayeitwa na jirani: njoo, mlango haufungi, robine inavuja, bati limetoboka, priza haitoi umeme. Kambini mafundi hao ni wengi. Wengine walijifunza kazi Uvira, wengine Bukavu, wengine walijifunzia hapahapa. Lakini kambini pesa ni chache, nyumba ni ndogo, na jirani yako naye ni fundi. Kwa hiyo macho yanaelekea mjini. Swali la leo ni hili: ukitaka kufanya kazi hiyo mjini kwa haki, bila kujificha, unahitaji nini?

Naanza na habari ya nyumbani kwetu. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niisimulie.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi mzuri. Anajua kupiga simenti, kutengeneza bomba, kubadilisha kitasa. Mwaka juzi aliitwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, kutengeneza nyumba ya mtu. Anayeijua Ngagara anajua kwamba kazi haikosekani huko. Sehemu kubwa ya nyumba zake za zamani zilijengwa wakati wa Wabelgiji na shirika lililoitwa OCAF, ambalo lilianzishwa mwaka 1952. Mpaka leo wazee wengine wanaita mtaa huo Ocaf. Ninyi mliotoka Bukavu mnazijua nyumba za namna hiyo, kwa sababu shirika hilohilo lilijenga na kwenu. Nyumba ya umri huo haiachi kudai fundi. Leo bomba, kesho bati, keshokutwa mwenye nyumba anataka chumba cha nyuma cha kupangisha.

Mjomba walikubaliana naye kwa mdomo: laki tatu na nusu. Akapewa laki moja ya kuanzia. Akafanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaomba pesa yake iliyobaki. Mwenye nyumba akamwambia: "Hiyo laki moja inakutosha." Mjomba akasema atamshtaki. Yule mtu hakugombana naye. Alimwuliza tu: "Utaanza kwa kuwaonyesha karatasi gani?"

Mjomba akanyamaza. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kimekwisha siku nne nyuma. Makubaliano hayakuandikwa. Hakuwa na hata risiti moja. Aliomba mfuko wake wa vyombo, akaambiwa aurudie kesho. Kesho yake geti halikufunguliwa. Mwiko, pima maji, koleo, spana, msumeno, vyote vilibaki huko. Alirudi kambini na nauli ya kukopa.

Ndugu msikilizaji, mtu yule alikosa, na kosa ni lake. Lakini swali lake tulichukue, kwa sababu ndilo swali utakaloulizwa mahali popote: unaonyesha karatasi gani? Mimi nimeligawa katika sehemu tatu. Wewe ni nani na uko hapa kwa ruhusa gani? Biashara hii ni ya nani? Na mlikubaliana nini? Fundi mwenye jibu la maswali haya matatu anaweza kuongea mbele ya polisi, mbele ya chefu wa mtaa na mbele ya mwenye nyumba.

(Mlio mfupi wa muziki.)

MTANGAZAJI: Swali la kwanza: wewe ni nani na uko hapa kwa ruhusa gani?

Jibu ni kadi yako ya mkimbizi. Nchini Burundi mambo ya hadhi ya ukimbizi yako mikononi mwa ofisi ya serikali iitwayo ONPRA, kwa kufuata sheria ya mwaka 2008 kuhusu hifadhi na ulinzi wa wakimbizi. Kama umeandikishwa kambini, kadi peke yake haitoshi kukusafirisha. Unahitaji kibali cha kutoka, kile tunachokiita biye ya kutoka. Kinaandikwa unakokwenda na siku ya kurudi.

Hapa mafundi wengi wanaanguka. Mtu anaomba siku chache, kazi inachukua siku nyingi, kibali kinaisha huku ukuta haujakauka. Kabla ya kuomba, hesabu kazi vizuri. Simenti inataka siku zake. Nenda ukaiangalie nyumba kwanza, au uulize kwa simu, halafu ndipo uombe siku zinazolingana na kazi. Ukiona siku hazitoshi, simamisha kazi, rudi, omba upya. Kupoteza siku mbili barabarani ni afadhali kuliko kupoteza mfuko wa vyombo.

Angalia pia anwani zilizo kwenye karatasi zako. Tangu mwaka 2025 Burundi ina mikoa 5 na tarafa 42. Ruyigi, Cankuzo na Muyinga sasa ziko katika mkoa mmoja, Buhumuza. Ngagara iko tarafa ya Ntahangwa, mkoa wa Bujumbura. Ukiandika mkataba au ukijaza fomu, andika majina ya sasa, ili mtu asije akakwambia karatasi yako ni ya uongo.

Swali la pili: biashara hii ni ya nani?

Hapa nawaomba mnisikilize polepole. Burundi iliingia katika Mkataba wa Geneva kuhusu wakimbizi mwaka 1963. Mkataba wenyewe ni wa mwaka 1951. Ilipoingia, iliweka masharti kwenye vifungu fulani. Kifungu cha 17 kinahusu kazi ya mshahara, na Burundi ilisema inakipokea kama ushauri tu. Kifungu cha 18 kinahusu mtu anayefanya kazi yake mwenyewe: kulima, kazi za mikono, biashara. Hicho haikukiwekea sharti. Kinasema mkimbizi aliyeko nchini kihalali atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, wala asitendewe vibaya kuliko wageni wengine walio katika hali kama yake.

Kwa fundi maana yake ni nini? Ukiajiriwa na kampuni kwa mshahara wa mwezi, hiyo ni njia moja, na mwajiri ana mambo yake ya kufuata kwenye ofisi ya kazi. Ukifanya kazi kwa mikono yako, kwa jina lako, ukihama kutoka mteja huyu kwenda kwa yule, hiyo ni njia nyingine. Mlango wa pili uko wazi zaidi kwako. Lakini ukiingia katika mlango huo, unaingia kama mfanyabiashara mdogo, na mfanyabiashara mdogo ana wajibu wake.

Wajibu wa kwanza ni namba ya mlipakodi, inayoitwa NIF. Inatolewa na OBR, ofisi ya mapato ya Burundi, iliyoundwa mwaka 2009. NIF ni ya mtu mmoja, haiazimwi. Kwa wale wanaotaka kuandikisha biashara kamili, labda mafundi watano wameungana, kuna dirisha moja la kuandikisha biashara lililofunguliwa mwaka 2012. Siku hizi liko chini ya shirika la maendeleo ya Burundi, ADB. Shabaha ya dirisha hilo ni kwamba usizunguke ofisi nyingi kwa jambo moja.

Wajibu wa pili ni tarafa. Ukipanga kibanda cha kufanyia kazi, ukiweka meza ya vitasa na robine karibu na soko, tarafa ina ushuru wake. Lipa kwa mtoza ushuru anayejulikana, na usiondoke bila kitansi. Bei siitaji hewani kwa sababu hubadilika, na akija mtu kukudai zaidi usije ukasema redio ndiyo ilikwambia. Soma bei kwenye ofisi yenyewe. Lakini hili halibadiliki: pesa iliyotoka bila kitansi haitakutetea. Mwezi ujao atakuja mwingine na daftari lake, naye atakuuliza ulilipa lini.

Wajibu wa tatu unakuja kazi ikikua. Ukianza kuajiri watu wa kudumu, wanaandikishwa INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Huo ndio unaoshughulikia pensheni na ajali za kazini. Fundi aliyewahi kuona ayede akianguka kutoka juu ya bati anajua kwa nini jambo hili lipo.

(Mlio mfupi wa muziki.)

MTANGAZAJI: Kabla ya swali la tatu, tuseme mipaka ya kazi yenyewe. Mtu anaweza kuwa na kadi, kibali na NIF, na bado akavunja sheria kwa kugusa kisichogusika.

Umeme na maji ya Bujumbura ni vya REGIDESO. Mita ni yao, ile ya kash pawa na ile ya zamani. Waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita ni wao. Bomba kabla ya mita ya maji ni lao. Fundi wa mtaani anafanya kazi baada ya mita: priza, swichi, taa, robine, choo. Mwenye nyumba akikwambia, "Fundi, nipitishie waya kando ya mita, nitakuongezea elfu hamsini," hiyo elfu hamsini ni ya kukupeleka gerezani, au kaburini. Wakaguzi wakija, atasema hakukutuma. Kataa, ukusanye vyombo, uondoke. Na priza usiitengeneze kama hukujifunza umeme. Kubadilisha kitasa hakumfundishi mtu umeme.

Jambo la pili ni kujenga. Kuziba ufa si sawa na kuongeza chumba. Chumba kipya mjini kinataka kibali cha kujenga. Ofisi ya serikali ya mipango miji, makazi na ujenzi ni OBUHA. Kibali hicho anakitafuta mwenye nyumba, si wewe. Lakini wewe uliza: "Mzee, kibali kipo? Naomba nikione." Uliza kwa adabu, na uulize kabla ya kuchimba msingi. Jengo likisimamishwa, wa kwanza kukutwa hapo akiwa na koleo mkononi ni fundi.

Swali la tatu: mlikubaliana nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Kila kazi iwe na ukurasa wake. Andika hivi:

Tarehe na mahali: mtaa, kartiye, namba ya nyumba.
Jina la mwenye kazi na jina lako, na simu zenu.
Kazi yenyewe: kubadilisha robine mbili, kupiga plasta ukuta wa jikoni, kuweka kitasa cha mlango wa mbele.
Nani ananunua vifaa.
Bei yote, pesa ya kuanzia, na siku ya kumalizia malipo.
Vyombo ulivyoingia navyo, kimoja kimoja.
Sahihi mbili, na shahidi mmoja ikiwezekana.

Huo ndio mkataba. Andika kwa Kirundi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, mradi wote wawili mnaelewa. Kama hujui kuandika, mwombe mtu unayemwamini aandike, wewe uweke dole gumba. Kila pesa inayotoka, andika na itiwe sahihi. Mteja akikataa kusaini ukurasa mmoja kabla ya kazi, jiulize atafanyaje siku ya kulipa.

Mkikosana, anza kwa chefu wa mtaa na wazee wasuluhishi. Jambo likishindikana hapo, iko mahakama ya mwanzo, ile inayoitwa tribunal de résidence. Kote huko watakuuliza ushahidi. Daftari ndilo litakaloongea.

(Mlio mfupi wa muziki.)

MTANGAZAJI: Sasa maonyo matatu. Haya nimeyasikia kwenu wenyewe, kwenye foleni ya maji na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa.

La kwanza: kukodi jina. Mkimbizi anafanya kazi kwa NIF ya rafiki yake mwenyeji, wanagawana. Siku za mwanzo ni tamu. Lakini mbele ya sheria kazi yote ni ya huyo rafiki. Mteja mkubwa anamlipa yeye. Mkikosana, wewe huna biashara, una kumbukumbu tu. Na yeye kodi yote inamwangukia. Hata kama ni mtu mwema, mnawekana kwenye mtego.

La pili: pasipoti. Kuna watu wanashauri, "Nenda ubalozi wa nchi yako, chukua pasipoti, ndipo uandikishe biashara." Usikimbilie. Katika Mkataba wa 1951, kifungu cha 1C kinataja mambo yanayoweza kumaliza ukimbizi wa mtu. Mojawapo ni kurudi mwenyewe, kwa hiari, chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia, na kuchukua pasipoti yake kunaweza kuhesabiwa hivyo. Kabla ya kupiga hatua hiyo, zungumza na ONPRA au na HCR.

Na hapohapo kuna habari njema. Wazee wengi wananiuliza: nikilipa kodi, si wataniambia nimekuwa raia, au si mkimbizi tena? Someni orodha ya kifungu hicho chote. Kufanya kazi haimo. Kulipa kodi haimo. NIF ni namba ya kodi tu. Haikupi uraia, wala haikuondolei ukimbizi.

La tatu: madalali. Mtu anakwambia, "Nipe pesa, nina ndugu ofisini, kibali kitatoka leo." Huduma za HCR na za mashirika yanayoshirikiana nayo hazilipiwi. Anayekuuzia nafasi kwenye orodha, fomu au sahihi ya HCR ni mwizi. Peleka habari zake kwenye dawati la malalamiko. Na karatasi ya kununua njiani inakufunga zaidi kuliko kukosa karatasi.

Neno moja kwa wenye ndugu katika nchi jirani. Sheria haivuki mpaka pamoja na mfuko wako. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kujiajiri katika kazi za mikono na biashara kwa kufuata sheria za nchi. Kenya, sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa mwaka 2021, na huko Kakuma wenye maduka na vibanda wanalipa kibali cha biashara kwa serikali ya kaunti ya Turkana. Tanzania, ndugu zetu wa Nyarugusu wanahitaji kibali ili kutoka kambini, na fundi wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Kwa hiyo shemeji akikupigia simu kutoka Kampala akasema, "Mbona huku ni rahisi?", mjibu: huko ni huko. Uliza ofisi ya nchi uliyomo.

(Kimya kifupi.)

MTANGAZAJI: Turudi kwa mjomba. Laki mbili na nusu zake hazijarudi mpaka leo, wala vyombo. Sitawadanganya. Miezi mingi alikaa bila kazi, akiazima nyundo ya watu. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilimpa mkopo wa kununua vyombo vichache. Akaomba NIF kwa jina lake. Akanunua daftari.

Mwaka jana alirudi Ngagara, kartiye nyingine, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha. Kazi ilikuwa bati na plasta. Mwisho wa kazi wapwa wa yule mama walianza kusema bei ni kubwa. Mjomba hakupandisha sauti. Alikwenda kwa chefu wa mtaa na wazee, akaweka mezani kadi, kibali chenye siku mbili zilizobaki, na daftari. Mzee mmoja akasoma ukurasa kwa sauti. Akafika kwenye sahihi, akamgeuzia mama, akamwuliza, "Hii ni yako?" Mama akasema ni yangu. Alilipwa mara mbili, nusu siku ile, nusu baada ya wiki, kwa simu.

Nilimwuliza mjomba alijisikiaje. Akaniambia: "Siku ile ya kwanza nilikuwa na haki, lakini nilisimama kama mwizi. Safari hii nilikaa kwenye kiti."

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo. Karatasi hizi zina usumbufu, zina foleni, zina nauli. Lakini hatuzitafuti ili kuifurahisha ofisi. Tunazitafuta ili siku mtu akituuliza tunaonyesha nini, tuwe na cha kuonyesha.

Kwa kifupi: kadi yako na kibali chenye siku za kutosha. NIF kwa jina lako na kitansi cha tarafa. Usiguse mita, usijenge bila kibali. Ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili kwa kila kazi.

Mimi si mwanasheria, nimesoma sekondari tu. Nimewaeleza nilichosoma, nilichouliza na nilichokiona nyumbani. Jambo lako binafsi lipeleke ONPRA, au kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi, ukiwa na karatasi zako zote mkononi.

Kazi njema, na Mungu awalinde juu ya ngazi.

(Muziki wa kufungia.)

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliwahi kufanya kazi mjini akakosa kulipwa? Ni karatasi gani ingemsaidia?
2. Kazi ya plasta ya chumba kimoja inachukua siku ngapi mpaka ikauke? Tungeomba kibali cha siku ngapi?
3. Mwenye nyumba akikuomba kupitisha waya kando ya mita, utamjibu nini kwa adabu? Watu wawili waigize mbele ya wenzao.
4. Tuandike pamoja ukurasa mmoja wa mkataba, kisha asiyejua kusoma asomewe, aseme kama ameelewa.